Waya wa Mafuta wa Gari la Elinami

Idara ya Mali za Marehemu inawatangazia wananchi wote kwamba fomu ya ukaguzi, iliyokuwa ya kijani, sasa itakuwa ya samawati.

Mama Ndeshi aliijaza. Kisheria, kitu cha marehemu hubaki nyumbani maadamu kinafanya kazi, na gari la mbio la mwanawe Elinami lilikuwa limekatika waya wa mafuta, ule unaounganisha pedeli na injini, ambao kiwanda kiliacha kuutengeneza miaka mingi iliyopita. Fundi Mbonea aliunda mwingine kwa waya wa breki ya baiskeli.

“Mama, nisogeze kiti mbele? Marehemu alikuwa na miguu ya twiga, mimi sifiki.”

“Usikiguse, baba. Kiache alivyokiacha.”

Fundi akabonyeza pedeli kwa mkongojo wa mama. Injini ikanguruma, na mama, aliyeketi kiti cha abiria, akafumba macho.

Mkaguzi alipokuja aliusikiliza mngurumo huo, akaridhika, kisha akainama. “Huu waya marehemu aliununua lini?”

“Hakuununua. Umetengenezwa jana,” alijibu mama, ambaye hakuzoea kusema uongo.

Uamuzi ulifika Ijumaa. Bila waya huo gari halifanyi kazi, kwa hiyo litachukuliwa. Waya, kwa kuwa si mali ya marehemu, mama anaruhusiwa kubaki nao.