Kanzu ya Marehemu Mjini Siena

Hapa Siena, Italia, chochote kinachopigwa picha sana na watalii huwa urithi wa mji, na hakiruhusiwi tena kuondolewa mahali pake. Mimi nilianika kanzu ya marehemu mume wangu dirishani, ikauke niitoe sadaka. Sasa Shamte, kijana wetu wa Tanga anayetembeza wageni, akishawaonyesha kanisa kuu na mnara, anawaleta chini ya dirisha langu.

"Shamte mwanangu, nimechoka. Niache niianue. Thawabu za marehemu zinaozea kambani."

"Haiwezekani, Bi Mwanahawa. Imeushinda hata mnara."

"Mnara haukufiwa na mume."

Shamte akawatafsiria huku akicheka. Wageni nao wakacheka, wakainua kamera. Safari hii hawakuzielekeza kwenye kanzu, bali kwangu.

Shamte akaacha kucheka. "Bi Mwanahawa," akasema taratibu, "ingia ndani ufunge dirisha."