Jicho la Chemchemi

Wazee wetu walisimulia kwamba kazi zote za chemchemi walipewa wageni, maana Tembo, mkubwa wa pale, alipenda kusema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kobe aliyekaa jirani aliomba kulizibua jicho la chemchemi, kazi ya marehemu mumewe. Alinyimwa, akaajiriwa Korongo kutoka mbali.

Asubuhi Korongo alipiga hodi kwa Kobe. "Mama, samahani, hilo jicho liko wapi?"

Kobe alimwomba Mungu subira, akampeleka polepole, akamwonyesha.

Korongo akaruka hadi kwa Tembo. "Mzee, kazi hii ina mwenyewe. Mimi nipe kubeba matope."

Tembo akakubali. Kobe akaingia topeni, akachimbua. "Mungu akulaze pema, Baba Siwema," alimwambia marehemu mumewe. "Maji yanatoka."