Shume na Mng'ao Wake

Paka Shume alikuwa mvivu wa kujiramba, hata manyoya ya mgongo yakagandamana kwa mafuta na kunuka vumba. Kila asubuhi panya Kijino alichungulia kutoka shimoni akimsifu: "Shikamoo, bwana. Leo unang'aa kama kitumbua kilichotoka kikaangoni. Usijirambe, utaharibu."

Shume akavimba kichwa. Kumbe harufu ile ndiyo iliyowaonya panya kuwa anakuja.

Siku moja mwenye nyumba alichoka na harufu hiyo, akamwogesha kwa sabuni. Jioni Shume akanyata bila kunuka, akamdaka Kijino.

"Umefifia, bwana," Kijino akasema kwa huzuni. "Mgongoni pamebaki kidoa kimoja tu kinachong'aa."

"Wapi?" Shume akamwachia, akageuka kutazama.

Kijino keshalala shimoni. Shume bado anazunguka.