Rubani kwenye Mizani ya Jodari

Renante alipanda mizani ya jodari akiwa amevaa bukta tu. Saa na pete ya ndoa alikuwa ameviacha nyumbani.

"Sabini na moja!" alipaza sauti Dodong, msimamizi wa mizani pale bandari ya samaki ya General Santos, Ufilipino. "Kapteni, jana si ulikuwa sabini?"

Wachukuzi wakaangua kicheko. Mmoja alimfinya paja kama mnunuzi anavyomkagua samaki. "Mafuta yapo! Huyu daraja la kwanza, apelekwe Japani leo leo!"

Renante naye alicheka. Tangu barua ifike alikuwa akicheka ovyo, hata bafuni peke yake.

Miaka minne aliihangaikia kazi ya urubani. Alisomea Manila, akarudia mitihani yote New Zealand ili apate leseni ya kurusha helikopta nchi za nje, akatuma maombi kwa kampuni kumi na moja. Walimjibu kwamba saa zake za kuruka ni chache, au hawakumjibu kabisa. Kisha ikaja barua ya wakala wa meli moja ya Kikorea. Meli ilitaka rubani wa kuruka kutoka sitahani na kutafuta makundi ya jodari huko bahari ya Papua. Barua yenyewe ilikuwa fupi: Njoo Jumatatu. Uzito wa rubani, kilo sabini. Utapimwa.

Siku barua ilipofika Renante alikuwa na kilo sitini na tisa.

"Nimeponea chupuchupu!" alimwambia mkewe. "Kilo moja tu, Analyn. Nikiipita, kwisha habari yangu. Chuoni aliyenenepa tulimwita mzigo."

Analyn, mke wa miezi saba, aliisoma barua mara mbili, akaibandika kwenye friji. Jioni ile ile akaingia jikoni. Mpaka siku hiyo mpishi wa nyumba alikuwa Renante. Analyn hata wali ulimshinda.

Sasa ikawa ni paja la nguruwe la kukaanga, ndizi za tui zito, kastadi ya viini kumi vya mayai.

"Nimeamka saa kumi alfajiri kwa ajili yako," alisema akimsogezea sahani. "Au mkono wangu mbaya?"

Kumkatalia mpishi ni kumtukana, na mpishi huyu alikuwa na macho makubwa tayari kulia. Renante angefanyaje? Alikula. Asubuhi alikimbia mpaka sokoni na kurudi, akakuta vitumbua vya jibini vinatoa moshi. Akala hivyo pia.

Ijumaa mama mkwe alitundika bango la kitambaa katikati ya mtaa: HONGERA KAPTENI RENANTE, na picha yake amevaa miwani ya jua.

"Mama, kazi yenyewe sijapata!"

"Utapata, mwanangu. Bango limeshalipiwa."

Analyn alilitazama bango, akarudi kukaanga.

"Ngapi leo?" alimuuliza kila asubuhi.

"Sabini na mbili."

"Pole, mpenzi." Akamwongezea wali.

Jumatatu, mlangoni kwa wakala, Renante alipishana na vijana watatu wembamba kama fimbo, wote wamenuna. Kama hawa wamekataliwa, yeye je? Alivua viatu, akavua mkanda, akatema hata ubani aliokuwa akitafuna. Akapanda mizani, macho kayafumba.

"Sabini na tatu na nusu," alisema Bwana Villaruz, wakala.

"Bwana, nipe wiki moja tu, nitapungua..."

Villaruz alicheka mpaka akakohoa. "Upungue uende wapi? Injini ya helikopta ile iko nyuma. Rubani mwepesi akiruka peke yake, mkia unalemea. Sabini ndiyo ya chini kabisa! Tangu asubuhi mnaniletea mifupa mitupu." Akagonga muhuri. "Meli inaondoka Alhamisi. Miezi kumi na miwili."

Renante alirudi mbio, akapita chini ya bango lake akipiga kelele, majirani wakatoka wakishangilia, mtu akafungulia muziki. Akamkuta Analyn jikoni, akamnyanyua juu na mwiko wake.

"Nimepata! Naondoka Alhamisi, miezi kumi na miwili! Ningebaki na kilo zangu sitini na tisa wangenirudisha! Ni wewe, Analyn! Wewe na nguruwe wako!"

Alipomshusha, Analyn alikaa sakafuni.

"Miezi kumi na miwili," alisema. Kisha akaanza kucheka, na machozi yakimtoka. "Ningejua, Renante, ningekupikia kabichi."