Shule ya Mfano ya Moto Safi

Masufuria manne makubwa yalikuwa yamelazwa kifudifudi juani, na Mwamini, mpishi wa shule, alikuwa anasugua kitako cha la tano kwa mchanga na majivu. Mkuu wa shule, Mwalimu Ipyana, alisimama nyuma yake na tai shingoni, akielekeza kwa kalamu.

"Hapo bado, mama. Pana weusi."

"Mkuu, sufuria hili lina miaka tisa motoni. Weusi ndiyo rangi yake."

"Masizi ni kaboni," alisema Mkuu, ambaye kabla ya kupewa ofisi alikuwa akifundisha kemia. "Gesi ikiungua sawasawa haiachi kaboni. Mgeni wa leo akiona kaboni, ameona mkaa. Akiona mkaa, wewe unarudi kwenu Msimbu na mwiko wako. Tumeelewana?"

Mwamini akasugua.

Amri ya serikali ilikwisha kutoka: panapolishwa watu zaidi ya mia, pasipikwe kwa kuni wala mkaa. Shule hii ya Mlandizi ina watoto mia nne. Ilipewa mitungi mikubwa ya gesi, ikapigiwa makofi, ikapigwa picha. Mitungi ikaisha mwezi wa pili na hakuna aliyeijaza. Ndipo Mkuu alipomfuata Mwamini jikoni, mpole kama mkwe, kumwomba aseme na mdogo wake Shabani, mchoma mkaa wa Chole msituni, awe anawaletea magunia kwa pikipiki. Siku ile hakukuwa na habari ya mwiko.

Mgeni akafika saa nne, kwenye gari jeupe la mradi wa Moto Safi lenye bendera puani. Jina lake Bi Margareth. Mkuu alikuwa ameleta mtungi mdogo kutoka kwake, akamwacha mkewe na chai ya baridi. Akauwasha mbele ya mgeni. Mwali ukatoka wa buluu, mzuri kama uliochorwa kitabuni, na juu yake wakateleka maharage yaliyokwisha kuiva kwa mkaa tangu alfajiri.

Bi Margareth alikula. Akaongeza. Akauliza, "Haya yameivishwa na gesi?"

"Gesi tupu, madamu," alisema Mkuu. "Hata harufu ya moshi huisikii."

Bi Margareth akatabasamu, akaomba aoneshwe msalani, akasema ataenda mwenyewe.

Hakwenda msalani. Mwamini alikuwa anahangaika kunyanyua ndoo ya maji ya kuoshea vyombo aliposikia sauti nyuma yake.

"Shikamoo, mama. Ngoja nikusaidie."

"Marahaba, mwanangu. Utalowa hiyo nguo."

"Itakauka."

Wakaibeba pamoja mpaka karoni. Katika miaka yote tisa hakuna mgeni aliyewahi kuigusa ndoo ile, na Mwamini aliliona hilo, likamwingia moyoni. Basi Bi Margareth akaushika mkono wake, akaugeuza kwenye mwanga.

"Mama, gesi haiingii kwenye kucha."

Mwamini akauficha mkono kwenye kanga. Mgeni akasukuma mlango wa stoo mwenyewe, akafunua maturubai. Magunia saba. Akachukua kipande kimoja, akakigonga kwa kingine. Kikalia kama kigae.

"Wa mti gani huu?"

"Sijui, mwanangu. Mti mgumu."

"Unaletwa na nani?"

Mwamini alifikiria kudanganya. Lakini amdanganyeje mtu aliyemwamkia, akambebea ndoo? Akasema ni mdogo wake. Bi Margareth akatoa daftari. Anaitwa nani? Shabani. Anakaa wapi? Chole. Tanuri liko upande gani? Anatoa magunia mangapi kwa wiki? Namba yake ya simu? Kila jibu likaandikwa, tena kwa mwandiko mzuri. Mwisho akakifunga kile kipande cha mkaa kwenye kitambaa cha mkononi, akakitia mkobani.

"Usiogope, mama. Wewe sitakutaja."

"Na mdogo wangu?"

Bi Margareth alimpigapiga begani, akaondoka.

Gwaride lilipopangwa, Mwamini alisimama mlangoni mwa jiko. Mgeni alisema maneno mengi juu ya misitu inayokwisha na mapafu ya akina mama. Wanafunzi wawili walitokwa na machozi. Kisha akamkabidhi Mkuu cheti chenye fremu: shule ya mfano kwa wilaya nzima. Mkuu alikipokea kwa mikono miwili, na jioni akampitia Mwamini jikoni kumwambia kwamba masufuria yalikuwa yamesuguliwa vizuri.

Mwamini hakuisikia sifa ile. Alikuwa anapiga simu Chole, na simu ya Shabani haipatikani. Kesho yake haipatikani. Alijilaumu usiku na mchana: kwa ndoo moja ya maji amemuuza mtoto aliyembeba mgongoni.

Siku ya tatu, pikipiki ya Shabani ikaingia uani mwa shule. Nyuma haikuwa na gunia hata moja. Mwamini alimkimbilia na kanga ikiburuta.

"Nisamehe, mdogo wangu! Ni mimi niliyemwelekeza. Wamekuvunjia tanuri?"

"Nani avunje?" Shabani alikuwa anacheka, meno yote nje. "Dada, yule mama ni mtu, wallahi! Amekuja na gari lake la bendera, kwenye vizuizi vya mkaa hawalisimamishi. Amepakia magunia ishirini, na kila wiki anarudi. Ofisi yao nzima imeagiza."

"Na mkaa wa shule?"

"Ndiyo nimekuja kukwambia, dada. Wa shule haupo tena. Mwambie Mkuu wako apikie gesi."