Kondo la Sikudhani

Siku hizi kondo la nyuma halizikwi. Kliniki hulikausha, ikalisaga na kulirudisha nyumbani likiwa vidonge arobaini vya ganda lenye unga, vya kuweka kwenye friza, mama ameze kimoja kila asubuhi. Kitanda cha mtoto hufunguka kwa pumzi ya aliyevimeza tu.

Mwanahija, mke mkubwa asiyejaliwa mtoto, aliishia kumwangalia mtoto wa mke mwenzake, Sikudhani, kupitia kioo cha kitanda. Hata kumshika tu hakuweza. Wivu ukamwingia. Kila Sikudhani alipoingia kuoga, yeye alifungua vidonge, akakoroga unga wake kwenye uji akanywa, kisha akavijaza unga wa muhogo.

Siku ya ishirini mtoto alilia. Sikudhani alikiinamia kitanda, akapumua, akapumua tena.

“Dada, kimenikataa,” alisema, maziwa yakimlowesha kanga.

“Hebu nipishe, mdogo wangu.”

Kitanda kikafunguka. Mwanahija akampakata mtoto kwa mara ya kwanza.

“Nipe nimnyonyeshe.”

Mwanahija alirudi nyuma hatua moja. Mtoto akanyamaza, akageuza uso, akaanza kulitafuta titi kavu la Mwanahija.