Kichupa cha Chemchemi

Jokofu la maabara lilizimika wikiendi nzima, na vimeng'enya vyote vya utafiti wa Nasikiwa vikaonekana vimeharibika.

"Mwaga tu, dada," alisema Kibwana, mtafiti mwenzake.

Nasikiwa alibakiza kichupa kimoja, chenye kimeng'enya cha kuvunja wanga, kilichotoka kwa bakteria wa chemchemi ya maji moto. Akakitumbukiza katika maji yanayotokota.

"Sasa si unakipika kama yai?"

"Hiki kimezaliwa motoni. Kimejikunja kama fundo, hakifunguki ovyo."

Alipokitoa, kimiminika hakikuwa kimeganda. Akadondosha tone kwenye gilasi ya wanga aliyoitia iodini ikawa buluu iliyokolea. Wakasubiri. Buluu ikaanza kufifia polepole, hata vikaonekana vidole vya Nasikiwa nyuma ya gilasi.